Mkono Uko Nje, Amri Inatoka Ndani

Leo tunazungumzia seli, lakini tuanzie jikoni. Unakata kitunguu, kisu kinateleza, kidole kinachanika. Unakibana kwa kitambaa, na baada ya dakika chache damu inakata. Nani kaizuia?

Wa kwanza kufika ni chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyosafiri ndani ya damu. Mtu mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Mshipa ukikatika, zinajikusanya pale, zinashikana, zinaziba tundu.

Sasa jiulize: kama zinaweza kushikana, mbona hazishikani siku zote? Kumbe zingefanya hivyo, mishipa ingeziba, na mtu angepata kiharusi akiwa amekaa tu. Lazima basi kuwe na namna ya kuzizuia na kuziruhusu.

1. Mkono uliokunjwa

Juu ya chembe sahani kuna protini zinazoitwa integrini. Kila moja imeundwa na sehemu mbili, alfa na beta, zilizopenya utando wa seli: kichwa kikubwa kiko nje, mikia mifupi iko ndani. Binadamu ana aina 24 za integrini, na kila chembe sahani imebeba maelfu ya aina yake kuu. Mshipa ukiwa mzima, integrini hizo zimejikunja kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Zipo, ila hazishiki.

2. Wafanyakazi wa ndani

Mshipa ukikatika, chembe sahani inagusana na kolajeni, ambayo kwa kawaida imefichwa ndani ya ukuta wa mshipa. Hiyo ni taarifa ya hatari. Ndani ya chembe kalsiamu inaongezeka, kisha protini ndogo iitwayo Rap1 inawashwa, nayo inasaidia kuileta protini nyingine, talini, kwenye utando. Talini inashika mkia wa beta. Mwenzake, kindilini, anashika mkia huohuo mahali pengine. Hapo mikia ya alfa na beta inaachana, na kule nje mkono unanyooka na kufungua kiganja.

Kiganja hicho kinadaka fibrinojeni, protini iliyomo kwenye damu. Ina ncha mbili, kwa hiyo chembe moja inashika huku na nyingine kule. Bonge la damu linaanza kujengeka.

Umeona? Jeraha limetoa taarifa, lakini amri ya kushika imetoka ndani ya chembe yenyewe.

3. Mfanyakazi akikosekana

Tunajuaje kwamba hao wa ndani ni wa lazima? Kuna ugonjwa wa kurithi, adimu sana, ambao jeni ya kindilini-3 ina kasoro. Ukihesabu chembe sahani za mtoto huyo, kwa kawaida zinatosha. Ukitafuta integrini juu yake, zipo. Hata hivyo mtoto anavuja damu, kwa sababu mikono haikunjuki.

Tena chembe nyeupe nazo hutumia integrini kujishikiza kwenye ukuta wa mshipa kabla ya kutoka kwenda kupambana na vijidudu. Zikishindwa, maambukizi makali yanamrudia mtoto mara kwa mara. Tiba inayogusa chanzo ni kupandikizwa uboho.

Usiuchanganye na ugonjwa alioueleza daktari wa Uswisi, Eduard Glanzmann, mwaka 1918. Huko wafanyakazi wa ndani ni wazima. Mkono wenyewe ndio haupo au ni mbovu.

Tuondoke na nini?

Kuwa na chembe za kutosha ni jambo moja, chembe kufanya kazi ni jambo lingine. Kama ndugu yako anatokwa damu puani au kwenye fizi mara kwa mara, au dada yako ana hedhi nzito kupita kiasi, asiishie kusema, "Nilipima, chembe zipo." Arudi kwa daktari, aeleze yote, aulize kama kuna haja ya kupima utendaji wa chembe hizo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ni salama integrini kukaa zimekunjwa?
2. Talini na kindilini hushika wapi?
3. Mwenye kasoro ya kindilini-3 ana chembe na integrini. Anakosa nini?