MAJENGO MATANO YA NICODEMUS: SHERIA, MAWE NA KUMBUKUMBU

Nchini Marekani, jengo hutambuliwa rasmi kuwa la kihistoria linapoorodheshwa katika Sajili ya Kitaifa ya Mahali pa Kihistoria, iliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kwa kawaida hutakiwa liwe limetimiza miaka 50 na lihusiane na tukio au mtu muhimu, au liwe na ujenzi wa kupigiwa mfano, au liweze kutoa maarifa kuhusu waliotangulia. Aidha, lisiwe limebadilishwa mno. Sharti hili la mwisho huwaelemea zaidi maskini, kwani wao hujenga kwa vitu visivyodumu. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea Nicodemus, mji mdogo katika jimbo la Kansas.

Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani weusi waliotoka hasa Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kuharamishwa nchini humo. Walikuwa wameahidiwa ardhi yenye rutuba. Walichokuta ni uwanda wa nyasi usio na miti ya kutosha kupasulia mbao, hivyo wakachimba makao ardhini karibu na Mto Solomon. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kuwa alipoonyeshwa mji wenyewe aliona moshi tu ukifuka kutoka ardhini, akaanza kulia.

Makao hayo hayamo miongoni mwa majengo matano yanayotambuliwa leo. Yaliyomo ni hoteli ya St. Francis ya mwaka 1880, kanisa la madhehebu ya AME la 1885, kanisa la Wabaptisti la 1907, shule ya 1918 na ukumbi wa tarafa wa 1939. Kwa jicho la msanifu majengo, hakuna la kustaajabisha hapo: ni kuta za kawaida, nyingi zikiwa za mawe ya chokaa. Ukumbi, kwa mfano, ulijengwa wakati wa mdororo wa uchumi chini ya mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira. Ni wazi basi kuwa kilichotambuliwa hapa si ufundi wa waashi. Hoteli ndiyo iliyo karibu zaidi na kizazi cha waasisi. Mwenyewe, Zachary Fletcher, alikuwa pia mkuu wa kwanza wa posta, na mkewe Jenny alikuwa mwalimu wa kwanza.

Mwaka 1888 reli iliyotarajiwa ilipitishwa kusini mwa mto, na wafanyabiashara wakaifuata. Ni kinaya kwamba pigo hilo huenda ndilo lililoyanusuru majengo haya, kwa kuwa mji unaostawi hubomoa ya kale ili kujenga mapya.

Mji ulitangazwa Alama ya Kihistoria ya Kitaifa mwaka 1976. Ikumbukwe kuwa hadhi hiyo haimzuii mwenye jengo kulibomoa kwa fedha zake mwenyewe. Huzibana hasa idara za serikali kuu, ambazo hupaswa kutathmini athari za miradi yao kwanza. Wala hadhi haizibi paa linalovuja. Ndiyo maana wazao wa waasisi walidai zaidi, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likaunda Eneo la Kihistoria la Kitaifa la Nicodemus chini ya idara ya hifadhi za taifa. Baadaye idara hiyo ililinunua kanisa la AME na kulifanyia ukarabati.

Hali kadhalika, lipo jambo ambalo Sajili haiwezi kulipokea, kwa kuwa hupokea mahali na vitu tu. Wakazi wa kudumu sasa hawafiki hata 30, lakini kila mwishoni mwa Julai wazao hurejea kutoka majimbo mbalimbali kuadhimisha ukombozi. Sherehe hiyo, yenye umri unaokaribia ule wa mji wenyewe, hufuata kumbukumbu ya tarehe 1 Agosti 1834, siku utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi.