Mshubiri katika Ardhi ya Urambo

Mshubiri hujulikana zaidi kwa uchungu wake kuliko kwa sura yake. Shubiri, yaani utomvu wake uliokaushwa, imetumika tangu zamani kupakwa kwenye chuchu ili mtoto aachishwe ziwa. Katika elimu ya mimea mshubiri unaolimwa huitwa Aloe vera, jina lililothibitishwa na Nicolaas Burman mwaka 1768. Asili yake ni Bara Arabu, wala si misitu ya miombo. Kwa hiyo anayetaka kuupanda Urambo hana budi kuzielewa kwanza tabia zake.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na papo hapo hupoteza maji. Mshubiri hufanya kinyume. Hufungua vitundu usiku, huihifadhi hewa hiyo katika hali ya asidi, kisha huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Ndiyo sababu huvumilia kiangazi cha Urambo, tangu Mei hadi Oktoba. Adui yake ni masika, kwani maji yakituama mbugani mizizi yake, isiyokwenda chini sana, huoza. Yafaa upandwe penye udongo wa kichanga ulioinuka, juu ya matuta.

Mbegu zake ni za nadra. Huzaliana kwa machipukizi yaotayo kando ya shina. Chipukizi lenye urefu wa shibiri moja hung'olewa pamoja na mizizi yake, huachwa kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, ndipo hupandwa, kwa nafasi ya sentimita 60 hivi. Majani ya nje huanza kukatwa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Chini ya ngozi ya jani mna utomvu wa manjano, na ndani zaidi mna ute mweupe ambao karibu wote ni maji. Vitu hivi viwili visichanganywe. Ute hupakwa kwenye ngozi iliyoungua kidogo. Utomvu ni haluli kali, nao haumfai kabisa mama mjamzito. Jani lililokatwa husimamishwa, mkato ukielekea chini, hadi utomvu uchuruzike.

Mishubiri ya porini isidhaniwe kuwa ndiyo hiyo hiyo. Mingi ya Afrika Mashariki ina maua mekundu au ya machungwa, hali Aloe vera ina maua ya manjano. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini hudhibiti karibu mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa porini mwaka 1986.

Linabaki suala la soko, na hapa Urambo ina kumbukumbu chungu kuliko shubiri. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliachwa mwaka 1951. Ardhi ilikuwa imepimwa kwenye karatasi kabla ya kupimwa kwa jembe. Baadaye ikaja tumbaku, ambayo ukaushaji wake hula kuni za miombo. Mshubiri hauhitaji kuni, lakini jani lake huharibika upesi. Tumbaku iliyokauka huweza kungoja mnunuzi ghalani. Jani la mshubiri halingoji. Pasipo kiwanda karibu, miche ishirini nyuma ya nyumba yatosha kwa kuanzia.