SOMO: KUBANA MATUMIZI YA SHULE BILA KUMBANA MTOTO

Somo letu la safari hii linawahusu Walimu Wakuu, Kamati za Shule, Maofisa Elimu Kata na wazazi wa wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Linahusu fedha za kuendeshea shule, ambazo aghalabu huwa chache, na namna ya kuzitumia zinapopungua.

Yafaa tuanze na hesabu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi iliondolewa na kila mwanafunzi akawekewa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa mwaka, takriban shilingi 10,000 za wakati ule. Elimu bila malipo ilipopanuliwa mwaka 2016, ruzuku ilikuwa bado shilingi 10,000, ilhali kiasi hicho hakikufikia tena dola 5. Kati ya hizo, shilingi 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikapelekwa shuleni. Kwa hesabu hiyo shule yenye wanafunzi 600 ilipata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi, mitihani, michezo na matengenezo, vyote vilitegemea fungu hilo. Hivyo bajeti yaweza kupungua bila mtu yeyote kutangaza kuwa imepunguzwa.

Wazee wa Kagera wanaijua hali hii. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikilipa karo, na mgao wa kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989 bei ikaanguka, nyumba nyingi zikashindwa kulipa.

Swali la kwanza ni hili: fedha zinaishia wapi? Wapo wanaoshauri shule zifungwe siku moja kila wiki. Wilaya nyingi za vijijini huko Marekani zimefanya hivyo, na uchunguzi wa mwaka 2011 ulioangalia wilaya kadhaa uliona kuwa walichookoa kilikuwa kati ya asilimia 0.4 na 2.5 tu ya bajeti. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha ni mishahara, na mishahara haipungui kwa kufunga mlango siku ya Ijumaa. Hapa kwetu mishahara ya walimu hulipwa na Hazina, kwa hiyo shule isingeokoa hata hicho kidogo. Mwalimu Mkuu aangalie vile vilivyo mikononi mwake, navyo ni maji, kuni, chakula, vitabu, safari na majengo.

Tuanze na maji, maana hayo Mwenyezi Mungu amewapa watu wa Bukoba kwa wingi. Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa mvua nyingi kabisa nchini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la madarasa lenye mita za mraba 100 hupokea basi lita 200,000 kwa mwaka. Tukitoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika, zinabaki lita 160,000. Katika shule ngapi maji hayo huanguka chini, yakachimba msingi wa jengo, huku watoto wakiteremka bondeni na vidumu?

Tatizo ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Tangi moja la lita 10,000, likiachwa wazi kwa kila mtu, huisha kwa siku chache. Lakini likifungwa kwa kufuli na kuachiwa jiko peke yake, kwa lita 300 kila siku, hutosha siku 33 za masomo, karibu majuma saba. Na sehemu ya kiangazi ni likizo. Ni afadhali tangi moja lenye utaratibu kuliko matatu yasiyo na mwenyewe.

Kuni nazo zina gharama isiyoandikwa kwenye daftari. Shule ikimtaka kila mtoto aje na ukuni mmoja, kwenye vitabu vya hesabu matumizi ni sifuri. Mwandishi wa makala haya amewahi kubeba kuni za namna hiyo, naye anajua kuwa atafutaye ukuni alfajiri huchelewa somo la kwanza. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Shule ambazo bado hazijaweza kufikia hapo zina la kufanya leo hii: maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, kuni zikaushwe na kupasuliwa vipande vyembamba, na mafiga matatu yaachwe kwa kujenga jiko banifu. Kuloweka maharage hakugharimu hata senti moja.

Kuhusu chakula, mzazi mwenye kibanja apewe nafasi ya kutoa alichonacho badala ya fedha taslimu. Ndizi lakini haziwekeki. Kamati ipange zamu za kuzileta, na maharage yachukuliwe wakati wa mavuno yanapokuwa rahisi.

Visiwa vya Muleba vina hesabu yao. Bumbire, Ikuza na Goziba hufikiwa kwa chombo cha majini, na kila safari ya kupeleka mitihani, vitabu au mkaguzi ni mafuta. Safari hizo ziunganishwe. Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, ni mwalimu anayeomba kuhama. Kila uhamisho huzaa posho ya uhamisho, na posho isipolipwa huwa deni la Halmashauri. Nyumba ya vyumba viwili yenye maji na taa ya jua, itakayomfanya mwalimu akae kisiwani, yaweza kuwa rahisi kuliko kuwahamisha walimu watatu mfululizo. Pale ambapo wanafunzi ni wachache, kwa kuwa wavuvi huhama kufuata samaki, madarasa mawili yanaweza kufundishwa na mwalimu mmoja katika chumba kimoja, mradi awe amefunzwa kazi hiyo.

Majengo hayafai kubaniwa ovyo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliziharibu vibaya shule kongwe za Ihungo na Nyakato, na madarasa mengi mengineyo. Kupunguza saruji na nondo leo ni kumwachia deni mwalimu wa kesho.

Kadhalika, mzigo ukitolewa shuleni na kutwishwa mzazi, hakuna kilichookolewa. Kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Anayerudishwa hukosa masomo ambayo mishahara yake imekwisha kulipwa.

Kila Kamati ya Shule inaombwa kubandika ubaoni, kila mwezi, fedha zilizoingia na zilizotumika, kwa maandishi makubwa yanayosomeka. Milizamu na matangi yasafishwe mwezi Agosti, kabla mvua za vuli hazijaanza.