Je, kinu cha nyuklia huzeeka kwa miaka tu?

Swali: Marekani huongeza leseni za vinu vya nyuklia kutoka miaka 40 hadi 60, hata 80. Je, metali yake haichoki?

Jibu: Huchoka, lakini umri peke yake haupimi uchovu huo. Kikomo cha miaka 40 kilitokana na hesabu za uchumi na ushindani wa kibiashara, si ukomo wa chuma. Kinachochosha metali hasa ni kupata joto na kupoa tena na tena, hadi ufa mdogo uanze na kukua. Mwaka 1998 bomba la kinu cha Civaux, Ufaransa, lilipasuka na kuvuja kabla kinu hakijatimiza mwaka mmoja wa kuzalisha umeme, kwa sababu maji ya moto na ya baridi yalichanganyikia humo. Basi tuhesabu mizunguko ya joto, na mabomba yapimwe mara kwa mara.

Wapo watakaosema kwamba bomba hubadilishwa, lakini tangi kuu la kinu halibadilishwi, na chembe za nyutroni hukifanya chuma chake kiwe rahisi kuvunjika. Ni kweli, na hapo ndipo penye ukomo halisi. Ndiyo maana vipande vya chuma cha aina hiyohiyo huwekwa ndani ya tangi, kisha hutolewa na kujaribiwa maabarani. Leseni iongezwe pale tu vipimo hivyo vinaporuhusu.