SOMO: MTAMBUE NDEGE KABLA YA KUOMBA DAWA



Januari ya mwaka mmoja nilifika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi kaskazini mwa Mlima Meru. Kabla sijafungua daftari la fedha, Katibu alinionyesha barua ya Kamati iliyokuwa tayari kupelekwa wilayani: ndege wamevamia mahindi, tunaomba dawa. Nilimwomba twende kwanza shambani.

Tuliwakuta korongo weupe na yangeyange wakitembea taratibu kati ya mistari. Hawakugusa jani hata moja. Walikuwa wakila viwavijeshi. Adui alikuwa kwenye mahindi yenyewe, na walioshtakiwa walikuwa vibarua wasiodai ujira. Barua iliandikwa upya, lakini siku tatu zilikwisha kupotea, na baadhi ya wanachama hawakuvuna kitu.

1. Namna ya kutazama

Nenda alasiri, baada ya saa tisa, joto linapopungua na ndege wanaporudi kutafuta chakula. Simama kimya, jua likiwa mgongoni. Tazama mambo manne: ukubwa, mdomo, mwendo na chakula. Rangi peke yake hudanganya.

2. Ndege wa kuwajua

(a) Kwelea kwelea. Ni mdogo kama shomoro, mwenye mdomo mnene, mara nyingi mwekundu. Kundi lake hujiviringisha angani kama moshi. Mmoja hula nafaka kiasi cha gramu 10 kwa siku. Hivyo milioni moja hula tani 10. Huyu ndiye wa kutolewa taarifa.

(b) Korongo mweupe. Ni mgeni kutoka Ulaya, hufika kwetu wakati wa baridi ya huko. Hula viwavi, panzi na nzige.

(c) Karani tamba. Ana miguu mirefu na manyoya kisogoni mfano wa kalamu. Hutembea mbugani akiua nyoka, panya na panzi. Tangu 2020 amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani.

(d) Kipozamataza wa Beesley. Ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, hukimbia chini na kusimama wima. Wataalamu walimwandika mwaka 1966. Makao yake yanayojulikana ni nyanda chache za nyasi fupi upande wa Engikaret, karibu na barabara ya Namanga. Tukizilima zote, tutakuwa tumemfukuza asiye na kwingine.

3. Hatari ya kukosea

Dawa ya fenthioni inyunyiziwayo kwelea kwelea haichagui. Tai na mwewe wanaokula mizoga nao hufa. Panya wakibaki bila adui, ghala la chama ndilo litakalolipa.

4. Kazi ya Katibu

Fungua daftari la ndege. Andika tarehe, mahali, idadi kwa makadirio, na wanachokula. Ukiwaona kwelea kwelea, tafuta pia mahali wanapolala, kisha mpelekee habari Bwana Shamba siku hiyohiyo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina makao yake Ngaramtoni, si mbali nasi.

Maswali ya majadiliano

1. Ni ndege gani waliolaumiwa kijijini kwenu bila kuchunguzwa?
2. Nani katika Kamati atakwenda shambani kabla ya barua kutiwa sahihi?