Kadi imeharibika: mtoto achanjwe upya?

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Tulipohama, kadi yake ya kliniki ililowa ikawa haisomeki. Nakumbuka alimaliza chanjo zote, lakini nesi anasema pasipo kadi atachanjwa nyingine upya. Kwa nini haniamini?

JIBU: Nesi hajakuita mwongo, mama. Kumbukumbu ya mzazi huhifadhi kilio na homa ya usiku ule, haihifadhi hesabu. Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto wa wiki 6 huchomwa chanjo ya penta na ya nimonia siku hiyohiyo, kisha hutiwa matone ya polio na ya kuhara. Wiki ya 10 anarudi. Wiki ya 14 anarudi tena, na sindano ya polio huongezwa. Baada ya miaka miwili, nani ataapa kwamba penta zilikuwa tatu, si mbili? Surua-rubella ya miezi 18 ndiyo hasa husahaulika, maana mtoto keshatembea na safari za kliniki zimeadimika. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, nalo ni shahidi wa chanjo moja tu, na wapo waliochanjwa wasipate kovu.

Kadi inaaminika zaidi kwa kuwa huandikwa palepale, na aliyechoma. Nayo ina dosari zake: tarehe ya kurudi ikiandikwa kwenye kisanduku cha tarehe ya kuchanjwa, dozi ambayo haijatolewa itahesabiwa. Utasema kompyuta zimekuja kumaliza haya. Zinasaidia sana familia inapohama, ila mhudumu akiingiza jioni yaliyoandikwa asubuhi kwenye karatasi, kompyuta hurithi kosa lilelile. Vijiti vinavyochorwa kwenye karatasi ya kliniki kuhesabia dozi ndiyo kabisa: vinaeleza dozi ngapi zimetoka, havimjui mwanao.

Basi kabla ya sindano yoyote, nenda au piga simu kliniki ya zamani, utaje jina lililosajiliwa na tarehe ya kuzaliwa, waangalie rejesta. Wasipokuta kitu, kubali. Hofu ya dozi kuzidi inaeleweka, lakini surua-rubella ikirudiwa haimdhuru aliyekwisha kuipata. Penta inaweza kuvimbisha mahali ilipochomwa kwa siku chache. Si kila kitu hurudiwa: mwenye kovu la BCG hachanjwi tena BCG, na matone ya kuhara hayatolewi kwa mtoto aliyepita miaka miwili. Ukipewa kadi mpya, ipige picha kwa simu kila unapotoka kliniki, tarehe zionekane.