Namba za Bolti

Lubumbashi kuna mafundi wengi wa motokari. Motokari zinazokwenda vijijini hupita katika mashimo, mawe na matope. Kila mtikisiko huzivuta bolti zinazoshika springi na usukani. Bolti ya usukani ikikatika, dereva hawezi tena kuongoza gari, na watu waweza kufa.

Bolti mbili zaweza kulingana kwa unene na urefu, lakini nguvu zao si sawa. Fundi atazijuaje? Hutazama kichwa. Bolti za kipimo cha milimeta huandikwa hapo namba, kama 8.8 au 10.9.

Namba ya kwanza, mara 100, yaonyesha nguvu ya kuikata bolti. Bolti ya 8.8 hukatika ikivutwa kwa newtoni 800, kama uzito wa kilo 80, kwa kila milimeta ya mraba. Namba ya pili yaonyesha bolti inapoanza kurefuka bila kurudi: ni sehemu 8 katika 10, yaani newtoni 640.

Fundi mwenye akili hushika mambo matatu:
1. Hurudisha bolti ya namba ile ile iliyotoka kiwandani.
2. Huipa nati inayoifaa. Bolti ya 8.8 yataka nati ya 8.
3. Haiunganishi kwa moto, kwa kuwa moto mkali huondoa ugumu wake.

Bolti isiyojulikana nguvu yake haifai kubeba maisha ya watu.

Maswali
1. Bolti ya 10.9 hukatika kwa newtoni ngapi kwa kila milimeta ya mraba?
2. Huanza kurefuka bila kurudi kwa ngapi?